Natoa zawadi, wanasema nagawa hirizi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni fundi cherehani, niko hapa Mwanga, Kigoma. Nina mume na watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu jambo nililolianza kwa moyo mweupe limenigeukia, na sasa hata sokoni naenda nikiangalia chini.

Miaka ya nyuma nilikuwa natoka Dar kwa treni na kifungua mimba wangu, hajatimiza mwaka. Tulipofika Tabora treni ikakaa. Unajua Tabora inavyokuwa, mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanapangwa, saa zinakwenda, na usiku ule kulikuwa na baridi kali. Mama mmoja aliyekuwa anangojea treni ya Mpanda alimtazama mtoto, akavua khanga yake ya juu akamfunika. Nikamwambia, mama, sisi tukiondoka hutaipata tena khanga yako. Akasema, "Si ndiyo nimeshampa?" Sikumjua jina wala kwao.

Tangu hapo nikawa na hamu na mimi niwe nampa mtu nisiyemjua kitu kidogo. Kwa fundi, kisichokosekana ni vipande. Ukishakata gauni la kitenge, pembeni na kwapani vinabaki vipande ambavyo wengine wanajazia mito au wanatupa. Mimi nikaanza kushona vifuko vidogo, ukubwa wa kiganja. Ndani natia karafuu na mdalasini, nashona pande zote, naweka na kamba. Unakitundika kabatini au unakiweka katikati ya nguo, zinanukia na wadudu hawasogei. Shangazi yangu wa Ujiji ndiye aliyenifundisha. Vitenge vya Kongo vina rangi kali, kwa hiyo vinapendeza. Uzi natumia mweusi kwa kuwa ndio ninao mwingi, nashona sare za shule.

Nikienda stesheni au Kibirizi kwenye boti za ziwani nabeba vichache. Namwona mzee anasubiri treni, au kijana mbeba mizigo kachoka, au mama mwenye mtoto. Nasema, "Pokea, zawadi yako," halafu naondoka haraka, maana sitaki shukrani. Si wanasema tenda wema nenda zako? Wengi walicheka wakapokea. Wengine walikataa, nikasema sawa. Kuna baba mmoja pale stesheni, mtoto wake nilimpa biskuti, akamnyang'anya akaitupa relini, kisha akanitazama mpaka nikaona haya. Iliniuma, nikanyamaza.

Sasa lililonifanya niandike ni hili. Kibirizi nilimkuta mama mwenye mtoto mgongoni anasubiri boti ya vijiji vya kaskazini. Nikampa kifuko chekundu. Alikipokea kwa mikono miwili. Usiku ule boti yao ilizima injini katikati ya ziwa, wakalala majini mpaka asubuhi walipovutwa na wavuvi. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Kumbe mle ndani walikuwa wanatafuta sababu, mtu akauliza nani kabeba nini, ndipo kifuko kikatoka. Yule mama aliporudi mjini aliulizia "fundi anayegawa vifuko" mpaka akafika barazani kwangu. Nilikuwa na wateja. Akakitupa juu ya cherehani. "Chukua chako," akasema. "Mimi na mwanangu hatujakukosea kitu."

Tangu siku hiyo wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao hata havijakatwa. Mmoja aliniambia harusi imeahirishwa, na harusi nimeisikia ngoma yake kwa masikio yangu. Kitinda mimba wangu akienda kucheza kwa jirani, wenzake wanaitwa ndani. Mume wangu anasema, "Nilikwambia, watu hawapewipewi ovyo." Mama mkwe anasema kumpa usiyemjua ni kujitafutia shari, sadaka ina mahali pake pa kutolewa. Wifi anataka nihame baraza.

Je, nimekosa kwa kutoa? Niache kabisa? Nitajisafishaje? Na yule mama, nimfuate au nimwache? Sina ugomvi naye, ila naumia.

Fundi, Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Nianze na hicho kifuko, maana barua yako niliposoma mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Hebu kitazame kwa macho ya asiyekujua. Kitambaa chekundu. Uzi mweusi. Kimeshonwa pande zote, hakifunguki. Ukikibonyeza kuna vitu vigumu vigumu ndani, na vinanukia. Kina kamba ya kutundikia. Na kimetoka kwa mwanamke asiyejulikana, aliyesema maneno mawili akapotea. Mwanangu, hiyo ni hirizi! Wewe umeijaza karafuu, sawa, lakini umbo lake kila mtu kuanzia Ujiji mpaka Kasulu amewahi kuliona kwenye shingo ya mtoto au juu ya mlango wa duka. Tena ukasubiri mtu anapanda boti ndipo ukampa. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, hakuna ziwa Afrika linaloligusa kwa kina. Injini imezima, giza, mtoto analia, maji yote hayo yako chini yako. Hata mimi Mama Mkubwa ningekitoa kwenye kikapu nikakitazama upya.

Kwa hiyo kutoa hukukosea. Umekosea namna ya kutoa, na namna ndiyo mtu asiyekujua anayoiona kwanza, kabla hajauona moyo wako.

Yule baba wa biskuti mimi simlaumu hata chembe. Nani anayesafiri nchi hii hajasikia habari ya abiria aliyekaribishwa biskuti au soda na jirani wa kiti, akaja kuzinduka hospitali, begi hana, simu hana, hela ya ada ya watoto hana? Sisi tulipokuwa wadogo tulitishwa na mumiani, tukaambiwa mgeni akikupa pipi kimbia. Mumiani ilikuwa hadithi. Hawa wa kulewesha abiria wapo kweli. Baba aliyemfundisha mwanawe asipokee chakula cha mtu baki kafanya kazi yake, na wewe kwa wanao ungefanya hivyo hivyo. Kutupa relini ndiko kulikokuwa na ukali kidogo, hilo nakubali.

Basi mtoto wa mtu hapewi kitu kabla mzazi hajaombwa. Na chakula kisitoke mkononi mwako. Pale stesheni kuna mama ntilie, si ndiyo? Mwendee, mwambie, "Yule mzee aliyekaa na kikapu mpe chai na chapati, hela hii hapa." Chai inatoka kwenye sufuria ambayo watu wote wanakunywa, na anayemkabidhi ni mtu anayejulikana, aliyekaa pale kila siku. Mzee akitaka kujua nani kalipa, ataambiwa. Asipotaka, anakunywa chai yake na maisha yanaendelea. Hili la mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia limo katika Injili ya Mathayo, na Waislamu wanalo katika hadithi ya Mtume, kwa hiyo hapo Kigoma hamna wa kukubishia.

Hata hilo la kuondoka haraka, methali imesema nenda zako. Haikusema ukimbie. Mtu anayekabidhi kitu kisha anatoweka, sisi tunamwita jina gani? Simama. Msalimie. Sema wewe ni nani na unashona wapi. Kama ni kifuko, kifungue aone. Mwache akigeuze, akinuse, akuulize maswali ya kijinga. Akikataa, cheka naye mwagane. Zawadi ambayo mtu hawezi kuikataa inamtisha, na ana haki ya kutishika.

Kuna jingine ambalo naona hukulifikiria. Kwetu kitu cha bure kina mzigo. Jirani akikuletea sahani ya futari, sahani hairudi tupu, na ikirudi tupu unaona aibu wewe mwenyewe. Huyo jirani utampata kesho na keshokutwa, mtalipana polepole maisha yenu yote. Lakini anayepanda boti hatakuona tena. Umemwachia deni asiloweza kulilipa, ndiyo maana kichwani linakuja swali la "huyu anataka nini kwangu?" Sasa ukitaka kumpa mtu wa njiani bila kumtwisha, mpe nafasi na yeye akupe kitu. Mwombe akushikie mwavuli wakati unafunga kiatu. Muulize bei ya migebuka huko kwao. Mwache akutanie. Yule mama wa Tabora alikuona una mtoto anayetetemeka, shida ilikuwa wazi mbele ya macho yenu wote wawili, ndiyo maana hukumwogopa. Khanga ilikuja pale pale ilipohitajika. Kifuko cha karafuu kwa mtu anayewahi boti kilikuja kutatua shida gani?

Tena sokoni hapo hapo Mwanga watu wasiojuana wanapeana zawadi mchana kutwa. Nani asiyejua nyongeza? Umenunua dagaa, umeshalipa, mama anachota konzi nyingine anakumiminia juu. Hakujui, hukumwomba, na hakuna anayeuliza ameweka nini. Inapita kwa sababu imepanda juu ya biashara: mmeongea, mmepunguziana bei, mmeshacheka. Fundi naye ana nyongeza yake. Mteja mgeni kaleta sketi ipunguzwe kiuno, mrudishie na kitambaa cha mkononi kilichotoka kwenye vipande vyako, kimepigwa pindo vizuri. Au kamba ya nywele ya binti yake. Kitu bapa, wazi, mtu akikiona anajua ni cha nini. Hapo karafuu zinakaa pilauni.

Na stesheni na Kibirizi usiende kama mgawa zawadi. Nenda kama fundi. Hii ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya nikuone una bahati kuliko wengi, maana wengi wenye moyo kama wako hawana ujuzi wowote wa kumfaa mtu pale pale alipo. Wewe unao. Ni begi ngapi zinafika stesheni zipu imepasuka, mwenyewe kazifunga kwa kamba ya katani? Treni ya Dar inatembea zaidi ya kilometa 1,200, na begi lililopasuka Kigoma likifika Dodoma halina siri tena. Kibirizi huko, salfeti ya dagaa ikichanika mdomo, mama wa watu anaokota mchangani dagaa mmoja mmoja huku boti inapiga honi. Chukua sindano ya gunia, uzi wa katani, sindano za kawaida na mkasi mdogo. Kaa kwenye benchi karibu na mama ntilie, ushone chako. Ukimwona mwenye shida mwambie, "Dada, lete nikushonee hapo, si kazi." Atakaa pembeni yako atazame sindano inavyoingia na kutoka. Mshono ukiisha anauvuta kwa mikono yake mwenyewe aone kama umeshika. Hakuna kilichofichwa ndani. Hata akitaka kukulipa mia mbili pokea, au mwambie amnunulie mtoto maji. Mbebeo wa mtoto uliokatika, kifungo cha shati la kijana anayekwenda kwenye usaili, viatu vya raba vilivyoachama, vyote hivyo ni vyako. Wapo mafundi viatu wanaokula kwa kazi hizo hapo, usiwaharibie. Mwenye uwezo wa kulipa mwelekeze kwao.

Mlangoni kwako pia unaweza kutoa bila kumkabidhi mtu yeyote. Wazee wa Ujiji wanajua maji ya sabili: mtungi nje, kata juu yake, mpita njia anakunywa anakwenda zake. Siku hizi weka ndoo yenye koki na maji yaliyochemshwa, maana kipindupindu huko kwenu si kitu cha kusimuliwa. Kikombe kioshwe. Nawe uwe unayanywa hayo hayo mbele za watu. Ila hili lisubiri mpaka jina lako litulie, usije ukaambiwa umehamia kwenye maji.

Mumeo simweki kwenye kundi la maadui. Muulize kinachomkera hasa, huenda ni fedha za karafuu, huenda ni kusikia mkewe anatajwa vijiweni. Mwambie mpango mpya kabla hajauona. Mama mkwe mwache na msimamo wake, kwani ana hoja, na amekwambia uso kwa uso. Wifi mwambie asante, baraza huhami. Ukihama leo umewapa ushahidi waliokuwa hawana.

Sasa jina lako. Hapa acha utani wote, maana kanda hii ya magharibi neno mchawi si tusi la kupita. Wanawake wameuawa kwa neno hilo, wazee wa watu, wengine kosa lao macho mekundu ya moshi wa kuni. Usikae kimya ukisema litapoa. Nenda kwa balozi wako wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa mtaa, waeleze mwenyewe kabla hawajaelezwa na wengine. Chukua kile kifuko kilichotupwa, na vingine vyote vilivyobaki, na mkasi. Waombe wawepo watu wawili watatu wanaoheshimika, wa msikitini na wa kanisani, pamoja na mmoja wa wateja waliokuwepo siku ile. Kisha fumua. Mwaga karafuu mezani, mwaga mdalasini. Tia karafuu mojawapo mdomoni utafune. Usihutubu. Watu watakwenda kusimulia wenyewe, na safari hii wasimulie walichokiona.

Mtu akiendelea kukutangaza baada ya hapo, ujue sheria iko upande wako. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, Sura ya 18, na inamkataza mtu kumtangaza mwenzake kwamba ni mchawi. Mwambie mwenyekiti amkumbushe huyo mtu. Ukisikia vitisho, au ukiona vijana wanaongelea kwenda kwa mganga wa kuwataja watu, usingoje kesho, nenda kituo cha polisi na mumeo.

Vitambaa vya wateja rudisha haraka, vimekunjwa vizuri, bila maneno. Harusi uliyosikia ngoma yake, nenda kapongeze. Fundi mzuri hakai bila kazi muda mrefu. Idi ikikaribia watakukumbuka.

Yule mama mfuate, lakini si peke yako na si kwa mbio. Tafuta mwanamke anayemfahamu, pale Kibirizi hakosekani, aende kwanza aulize kama utapokelewa. Mkikutana usianze kujitetea wala kumweleza mambo ya injini. Kama ni mafuta yenye maji au plagi mbovu, nahodha anajua na wenzake wanajua, litasemwa na wao. Yeye alilala majini na mtoto akiamini wanakufa. Anza na hapo. Mpe pole ya usiku ule, uliza mtoto anaendeleaje, ndipo umweleze kifuko kilikuwa cha nini na kwamba umeshavifumua vyote mbele ya mwenyekiti.

Na usimpelekee kitu! Nakujua, utataka kubeba sukari, au khanga, au sabuni ya mtoto. Mikono mitupu, mwanangu. Yeye akikukaribisha chai, kunywa mpaka iishe. Usipokunywa yatakuwa mengine.

Mama Mkubwa